Ukurasa wa Kumi na Tisa

Miezi saba na siku nne.
Barua ya kwanza ilirudi: haina sanduku la posta.
Ya pili wakataka niseme sababu.
Nikaandika: mimi ni mwalimu wa zamu, Shule ya Msingi Kwamkole,
watoto mia sita na kumi na wawili,
na kinu cha nyuklia kinaonekana kutoka darasa la tatu,
dirisha la pili, pale palipokuwa mkonge.
Sababu ni hiyo. Sikuwa na nyingine.

Leo Bwana Shemhilu wa masjala, Barabara ya Nne, Tanga mjini,
ananisukumia jalada juu ya meza.
"Saini hapa, mwalimu. Na hapa. Na tarehe."
Feni inazunguka kama kibarua wa kutwa.
Kurasa arobaini na moja: Mpango wa Ulinzi wa Kinu.
Nafungua.

Wino.
Wino mweusi, mnene, umepigwa kwa rula,
mstari juu ya mstari kama matuta ya mihogo.
Yamesalimika maneno haya:
uzio, na, mita, usiku, na, isipokuwa.
Ukurasa wa sita umeachiwa nukta tu.

"Nimefuta mwenyewe," anasema, wala si kwa fahari.
Kidole chake cha shahada kimeiva wino hadi ndani ya kucha.
"Kalamu kumi na moja, kwa pesa yangu.
Nikikuachia wewe idadi ya walinzi,
kesho mwizi naye ataleta barua,
tena mwandiko wake mzuri kuliko wako.
Karatasi haimjui anayeisoma."

Nami namwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi.
Ufunguo wangu nauweka chini ya ndoo,
na sijabandika tangazo mlangoni.

Lakini sikuomba bunduki zao, Bwana Shemhilu.
Sikuomba saa ya kupokezana zamu
wala kamera ipi ina mtoto wa jicho.
Hayo mbuzi wa mama Kihiyo wanayajua:
wanapenya chini ya uzio, wanakula nyasi za serikali,
wanarudi na utepe wa njano mdomoni,
na hakuna aliyewadai kibali.

Niliomba ukurasa wa kumi na tisa.
King'ora kikilia, kitafika shuleni
upepo ukiwa unakipeleka kwingine?
Niwatoe kwa njia ya Pongwe au ya mtoni?
Nikimbie nao, au nifunge madirisha
niwaambie wakariri jedwali la saba?
Kuna Mbwana wa darasa la nne, anachechemea.
Nimbebe mimi, au limeandikwa gari?

Ananitazama. Anautazama mlango.
"Huo pia niliufuta. Niliambiwa kufuta, kumi na tano hadi mwisho.
Kusoma sikuambiwa."
Kisha anatoka kwenda kutafuta muhuri
ambao uko mezani, mbele yangu, umelala ubavu.

Nauchomoa ukurasa, naubandika kwenye kioo cha dirisha.
Jua la saa tisa la Tanga halina adabu,
linapenya kanga, linapenya makuti,
linapenya wino wa dukani.
Herufi zinajitokeza polepole
kama miiba ndani ya nyama ya samaki:

Njia ya kuwaondoa wakazi na shule za jirani:
itajazwa baadaye.

Chini yake mistari tisa ya nukta nukta.
Nayo ameifuta, yote tisa,
kwa uangalifu, bila kuvuka pambizo.

Anarudi mikono mitupu. Haniulizi kitu.
Naazima kalamu yake, si ile nene, ile ya buluu,
nageuza ukurasa upande mweupe, naandika:
Watoto 612. Mmoja anachechemea.
Masika ikijaa, daraja la mtoni halipitiki.
Kengele yetu ni rimu ya lori, husikika hadi kisimani, si zaidi.

Namrudishia jalada.
Safari hii anasoma, midomo ikimcheza,
mara moja, mara ya pili,
halafu anaupulizia wino ukauke.